Breki za Silvano

Kuna mafundi wanaopenda injini. Watainamisha sikio juu ya boneti, wafumbe macho, waseme hii inakula oili, ile valvu imelegea, na wenye magari wawaheshimu kama waganga. Silvano Mazengo hakuwa na habari na injini. Yeye alipenda breki. "Gari lisipowaka utachelewa tu," alizoea kuwaambia wateja. "Lisiposimama, je?" Alikuwa ameshawazika watu wengi aliowafahamu, na wengine waliuawa na magari aliyokuwa amewaonya wasiyapande.

Kazi aliijulia katika karakana ya kampuni ya umma ya usafirishaji pale Dodoma, enzi ambazo gari likiharibika liliwekwa juu ya mawe, likasubiri spea kutoka Dar es Salaam mpaka nyasi zikaota ndani ya bodi. Ilikuwa taabu, lakini spea ikifika, imefika spea. Halafu likaja soko huria. Kampuni ikauzwa vipandevipande, wafanyakazi wakapunguzwa, na Silvano akapewa mkono wa kwaheri pamoja na cheti cha kumsifu kwa utumishi mwema, cheti ambacho hakikumnunulia hata sabuni. Maduka ya spea yakachipuka mjini kila kona. Na hapo ndipo Silvano alipoona kichekesho chenyewe: zamani breki hazikupatikana, magari yakalala, sasa breki zilikuwa tele madukani na watu walikufa nazo. Lainingi, zile pedi za kusugulia ndani ya breki, zilikuja kwenye maboksi ya kupendeza, lakini ndani ni unga ulioshindiliwa. Unafunga leo, baada ya milima miwili umebaki na chuma kinasugua chuma.

Alijifungulia gereji yake njia ya kwenda Zuzu, banda la mabati yaliyotoboka na shimo la kuingilia chini ya gari. Mteja wake mkubwa alikuwa Batholomeo, mfanyabiashara wa maharage na vitunguu kutoka Kibakwe, kule kwenye vilima vya Mpwapwa. Silvano alimwita tajiri, kama mafundi wote wanavyomwita mwenye gari, hata kama gari lenyewe linadaiwa kila mahali. Gari la Batholomeo lilikuwa pikapu kubwa ya Kijapani iliyoshuka bandarini ikiwa mtumba. Bodi yake ilikatwa, ikajengewa nyingine ya mbao, ndefu na pana, na tangu siku hiyo ikaitwa lori na kupakiwa kama lori. Aliliendesha mwenyewe, kwa sababu hakumwamini dereva yeyote na mafuta yake.

Breki za nyuma za gari lile zilikuwa za dramu. Dramu ni kama sufuria lenye mfuniko: kilichoingia humo hakitoki upesi. Njia ya Kibakwe ina makorongo ya kuvuka, na masika kila korongo lina maji na mchanga wake. Ukitoka kwenye maji na kukuta mteremko, unakanyaga breki, na breki za nyuma zinateleza tu kana kwamba zimepakwa mafuta ya karanga. Siku moja Batholomeo alikanyaga hivyo hivyo, gari likakataa, na ikambidi alichomeke kwenye ukingo wa udongo ili lisiende bondeni. Abiria waliokuwa wamekaa juu ya magunia waliruka kama punje za mahindi kwenye ungo. Mmoja wao alikuwa Evelina, dada yake Silvano. Alivunjika mfupa wa bega.

Evelina ndiye aliyemlea Silvano. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa bado binti anayesoma. Akaacha shule, akambeba mdogo wake mgongoni, akamlisha kwa kufyeka mashamba ya watu. Aliolewa Kibakwe, akafiwa na mume, akabaki hukohuko akipika wali na maharage siku za gulio. Kila wiki alipanda gari la Batholomeo kwenda Mpwapwa kununua mchele na mafuta. Silvano alipomwona na mkono wake umefungwa kitambaa shingoni alimwambia asipande tena gari lile.

"Nipande lipi sasa, baba?" alijibu Evelina, maana alipomwonea huruma mdogo wake alimwita baba. "Hakuna jingine. Kama una ufundi, litengeneze hili."

Basi Silvano akaamua kuzing'oa zile dramu za nyuma na kufunga diski. Diski iko wazi, maji yanaruka, mchanga unaruka, joto linapata pa kutokea. Batholomeo alikubali kwa sharti moja ambalo matajiri wa namna yake huliweka daima: kazi iwe nzuri na isimgharimu kitu.

Isimgharimu kitu! Silvano alizunguka kwa wauza skrepa mpaka akapata gari dogo lililopinduka, diski na kalipa zake za mbele, yale makoleo ya kuibana diski, zikiwa nzima, mali halisi ya kiwandani. Chuma cha kushikia kalipa hakikuwepo, ikabidi akitengeneze. Alikwenda kwenye ua wa kampuni yake ya zamani, ambako malori aliyoyahudumia ujana wake wote yalikuwa yakikatwa na kupimwa kwa kilo, akaomba kipande cha chasisi. Mkata chuma alimwambia achague. Alichagua lori alilolifahamu kwa namba, na alipoona moto wa gesi unaingia ubavuni mwake aligeuza uso. Matundu ya diski hayakulingana na ya ekseli. Akayapima kwa kipande cha boksi, akayatoboa upya. Mkerezaji mmoja alimnyolea chuma mpaka diski ikakaa bila kuyumba. Ndani ya masta silinda, pampu ya mafuta ya breki, mlikuwa na valvu ndogo inayobakiza presha kwa ajili ya dramu. Angeiacha, diski zingekuwa zinajisugua njia nzima mpaka ziwe nyekundu. Akaitoa. Yapo mambo aliyoyajua vizuri, nayo hakuna wa kumnyang'anya.

Likabaki jambo moja. Hendibreki ya gari lile ilivutwa kwa waya uliokwenda kwenye dramu. Dramu zimekwenda, na kalipa za mbele za gari dogo hazina pa kuufungia waya huo. Silvano alichora kwa chaki sakafuni: angeweza kutengeneza dramu ndogo kwenye shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma, waya ukavutwa hapo. Ingetaka vyuma zaidi na siku zaidi.

Batholomeo aliutazama mchoro, akaukanyaga akipita. "Hendibreki ya nini, fundi? Kwani mawe yameisha Kibakwe?"

Silvano akacheka. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba alicheka. Lakini nani asingecheka? Nani katika nchi ile alikuwa anaitegemea hendibreki? Gari likisimama, jiwe linawekwa mbele ya tairi, biashara imekwisha. Watu wazima walizeeka na magari yao bila kuivuta.

"Ila trafiki wataikagua," alisema.

"Trafiki anavuta tu ule mkono. Ukikaza, basi."

Silvano akatafuta springi ya kiti kibovu, akaifunga chini ya sakafu ya gari, ncha moja kwenye chasisi na nyingine kwenye waya. Ukivuta mkono wa hendibreki ulikaza vizuri, ukalia kra kra kra, na haukushika chochote. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kutengeneza breki ya uongo. Alijiambia kwamba akipata nafasi ataifanya ile ya kweli.

Breki zenyewe zilikuwa za ajabu. Alilijaribu gari njia ya Chimwaga, akaliingiza makusudi kwenye dimbwi, akatoka, akakanyaga. Lilisimama palepale, na Batholomeo karibu apige paji la uso kwenye kioo. Tajiri yule alishuka, akalizunguka gari, akainama kuzitazama zile diski zinazong'aa, kisha akasema sasa anaweza kuongeza magunia. Unamtengenezea mtu usalama, yeye anauona kama nafasi ya mzigo.

Safari ya kwanza ya Kibakwe Silvano alikwenda nayo. Alitaka kuona makorongo yatasemaje, na alitaka dada yake aone. Yakavukwa yote, miteremko yote, gari limetulia. Walipofika ilikuwa siku ya gulio. Batholomeo aliliegesha gari kwenye mteremko wa juu ya soko, uso ukitazama chini, kwa sababu betri yake ilikuwa dhaifu na asubuhi alizoea kuliwasha kwa kulisereresha. Akaacha gia ya kwanza, akavuta mkono wa hendibreki kwa mazoea, akaweka jiwe mbele ya tairi. Jiwe lilikuwa muhimu, maana gia ile ya kwanza ilikuwa na tabia ya kuchomoka yenyewe mzigo ukiongezeka.

Batholomeo akawaita watu waje waone breki. Wakaja, wakainama, wakagusa. Silvano akatambulishwa kuwa ni fundi wa kutoka mjini, na yeye akaeleza kila kitu kwa kidole, maji hivi, mchanga hivi. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli. Tangu apunguzwe kazi hapakuwa na mtu aliyekuwa amemsikiliza namna ile. Mpaka mpakiaji mmoja aliyeitwa Ebenezer, mtu wa mizaha, mwenye kifua kama mlango, akauliza kwa sauti ya upole:

"Samahani, fundi. Kama breki ni kali hivyo, mbona zinashikiliwa na jiwe?"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ebenezer mwenyewe hakukusudia ubaya. Alikwenda zake kuchukua magunia huku akitabasamu. Wengine nao wakatawanyika kwenda kwenye mizani. Silvano akabaki peke yake ubavuni mwa gari, masikio yanawaka moto.

Hapo ndipo Evelina alipokuja akijifuta mikono kwenye kanga. Figa lake moja lilikuwa limepasuka kwa moto, sufuria la wali limeinama, na wateja walishaanza kukaa. Aliliona lile jiwe.

"Silvano, hili nikilichukua kidogo itakuwaje?"

Kibakwe nzima, hata mtoto asiyejua kusoma anajua kwamba jiwe la gari haliguswi. Evelina aliuliza kwa sababu gari lilikuwa mikononi mwa mdogo wake, na katika mambo ya magari neno la mdogo wake kwake lilikuwa la mwisho. Kulikuwa na jibu moja tu la kumpa. Lakini jibu hilo lilitaka akiri, dakika ile ile baada ya kuchekwa, kwamba fundi wa mjini amefunga springi ya kiti badala ya hendibreki. Alishindwa.

"Chukua tu, dada," alisema. "Limevutwa hendibreki hilo."

Evelina alilisukuma kwa mpini wa jembe, likatoka bila shida kwa kuwa gari lilikuwa tupu na gia ilikuwa inashika. Akalikumbatia, akaenda nalo. Silvano alikusudia kutafuta jiwe lingine mara moja. Alianza kutazama huku na huku, na Batholomeo akamwita aje anywe soda, kuna mwenye gari wa Mpwapwa anataka kuongea naye habari za diski. Akaenda. Aliongea. Alieleza tena maji hivi, mchanga hivi.

Magunia yalipofika nusu ya bodi, gia ilichomoka. Gari halikupiga kelele. Lilijiondokea tu, kimyakimya, likashika mteremko. Waliokuwa juu waliruka. Ebenezer alikuwa anapanda kutoka chini, gunia la maharage kichwani, uso umefunikwa. Alisikia watu wakimpigia mayowe akasimama ili aelewe. Gari lilimbana kwenye ukuta wa banda la soko, likageuka, likaangukia mtaroni. Mguu wake wa kulia ulikatwa hospitali juu ya goti.

Baraza liliitishwa siku iliyofuata, na askari mmoja akaja kutoka Mpwapwa. Aliingia ndani ya gari lililolala mtaroni, akauvuta mkono wa hendibreki, akausikia umekaza. Akakanyaga breki, zikashika. Akasema gari halina kosa. Batholomeo akasema, mkono ukiwa kifuani, kwamba aliliacha na gia, na hendibreki, na jiwe. Basi jiwe limekwenda wapi? Halikutafutwa mbali. Lilikuwa chini ya sufuria la Evelina, limeshaanza kuwa jeusi.

Kelele zilizotoka pale heri nisizieleze. Watu walewale aliowalisha kwa mkopo walimwita mchawi, mwuaji, mwanamke aliyeuza mguu wa mtu kwa sahani ya wali. Mwenyekiti wa kijiji aliwanyamazisha, akamwuliza Evelina kwa nini alichukua jiwe la gari.

Evelina aligeuka, akamtazama Silvano aliyekuwa ameketi kwenye benchi pamoja na Batholomeo na askari, benchi la wageni. Alimtazama kwa muda ambao mtu angeweza kusimama, akakohoa, akasema jambo. Silvano alijua kabisa kwamba anasubiriwa. Aliwafikiria watoto wake, akaifikiria gereji, akawafikiria polisi na ile springi. Akaangalia viatu vyake.

"Ni ujinga wangu," alisema Evelina. "Sikumwuliza mtu."

"Fundi, wewe una neno?" aliuliza mwenyekiti kwa heshima.

"Sina, mwenyekiti."

Baraza likaamua Evelina amlimie Ebenezer shamba lake na kumpelekea chakula mpaka atakapoweza kujitegemea, na asipike tena gulioni. Hilo la pili halikuhitaji hata kuamuliwa, nani angekula kwake? Gari lilipotolewa mtaroni wakarudi nalo Dodoma, na walipopita makorongo Batholomeo akasema kwamba mambo yameisha vizuri, na wasiyachokonoe. Silvano aliitikia. Alimchukia Batholomeo kwa moyo wake wote, na kumchukia kulimsaidia kidogo, kwa sababu alijua ni nani mwingine aliyestahili.

Na sasa sikiliza dunia ilivyo. Kazi zilimjia. Kila aliyesikia habari ya Kibakwe alisikia kwamba gari lilikaguliwa na askari na breki za fundi Silvano zikakutwa hazina doa. Walitoka Mpwapwa, walitoka Kongwa, wakataka diski za nyuma. Banda likapata mabati mapya. Kila gari alilolifungia diski alilitengenezea pia ile dramu ndogo ya kwenye shafti, hendibreki ya kweli, na hakuitoza. Wenye magari walimcheka wakasema fundi huyu ana wazimu wake, anahangaika na urembo.

Alimtumia dada yake unga, sukari, vitenge. Habari zilizomrudia ni kwamba Evelina alipokea kila kitu, akashukuru aliyekileta, akakipeleka chote kwa Ebenezer. Mwenyewe alikuwa anakula anacholima. Silvano hakwenda Kibakwe. Kila mara palikuwa na gari la kumaliza.

Mwaka uliofuata, msimu wa mavuno, mtu mwenye magongo alisimama mlangoni mwa gereji. Kifua kilikuwa kilekile, ila kilikuwa kimelegea. Ebenezer alikuwa amekuja hospitali kuu Dodoma kupimwa mguu wa bandia, akauliza watu mpaka akafika. Silvano alimletea kiti, akamfutia vumbi kwa fulana yake mwenyewe, akaagiza chai.

"Sikai sana, fundi," alisema Ebenezer. "Nimekuja kushukuru. Vitu unavyotuma navipata. Wengine wangesema kosa si langu, wakanyamaza. Wewe hukuniacha. Mungu akubariki."

Silvano alisema si kitu. Alitaka kusema zaidi. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Nje kulikuwa na wateja wawili wanasubiri, na mmoja alikuwa anasikiliza.

Ebenezer aliinamisha kichwa, akawa kama mtu anayeogopa kuingilia mambo ya nyumba ya mwenzake.

"Kuna jambo jingine, usinikasirikie. Ni dada yako. Najua umekasirika naye kwa aibu aliyokutia mbele za watu, ndiyo maana huji. Lakini yule mama amenihudumia, fundi. Ameninawisha kidonda. Amezeeka. Jina lako likitajwa anaondoka mahali pale. Mimi niliyepoteza mguu nimemsamehe. Nakuomba na wewe umsamehe."

Chai ililetwa. Silvano aliipokea, akamwekea mgeni sukari, akakoroga, akampa kikombe kwa mikono miwili.

"Nimeshamsamehe," alisema.